Mama Amepanda Migomba

Jambo la kwanza nililogundua, mama alipopiga simu, ni kwamba alinisalimu mpaka mwisho. Akauliza nimelalaje, kazi inaendaje, madam mzima, watoto wa madam wazima. Mwaka mzima na nusu salamu zake zilikuwa neno moja, halafu: "Tunakimbia," au, "Tumefika kambini."

Ilikuwa Ijumaa, Novemba 2013. Nilikuwa jikoni kwa madam, huku Uarabuni, mtaa wa Al Mankhool, napiga pasi. Edna, Mtanzania wa nyumba ya jirani, alikuja kuomba chumvi akasahau kuondoka. Yeye ndiye aliyeniambia Jumanne kwamba jeshi la Kongo limeteka kilima cha Chanzu, ngome ya mwisho ya waasi, na waasi wametangaza kuacha vita. Chanzu hakiko mbali na kwetu Bunagana, mpakani na Uganda. Lakini "vita vimeisha" nilishaisikia. Kila mara mama alirudi nyumbani na binti yangu Prossy, kisha wakakimbia tena, Prossy mgongoni.

"Mko wapi?" nikauliza.

"Nyumbani."

"Mama! Si ungengoja kidogo kambini?"

"Ningoje nini? Nimeshapanda."

"Mchicha?"

"Migomba. Mitatu."

Nikaisimamisha pasi. Kwetu, wakati wa vita, hakuna anayepanda mgomba. Unapanda mboga ya wiki tatu, uivune kabla hujakimbia. Mgomba unataka mwaka na zaidi. Mama, aliyekuwa akilala na viatu miguuni, alikuwa amechimba mashimo matatu.

"Edna, vita vimeisha kweli," nikasema.

"Si nilikwambia? Redio huamini, unaamini ndizi!" Akacheka. "Na jeshi letu lilisaidia, usisahau. Mkungu wa kwanza ni wa Watanzania."

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Dada Edna. Anataka mkungu wa kwanza."

"Mwambie aje na jembe lake."

Nikacheka mpaka madam akachungulia mlangoni. Machozi yalidondokea shati la sir, mume wa madam, nikayapigia pasi juu kwa juu.

Mama huwaambia majirani kwamba nilikuja huku kuwatafutia riziki. Sijawahi kumsahihisha. Mama, nilikuja kwa sababu niliogopa. Na kila uliponiambia mnakimbia, kabla sijaanza kulia, nilimshukuru Mungu kwamba mimi sipo.