Mazoezi ya Alhamisi

Tamasha lilipokaribia, Yannick alikuja peke yake, bila gitaa, akaketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, akazungumza na Sephora kwa upole kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Alimweleza kwamba ule ukumbi wa zamani wa wafanyakazi, hapo hapo Shituru, umepatikana. Kundi kutoka Lubumbashi litakuja Jumamosi na vyombo vyake vyote. Makundi ya roki ya Likasi, ambayo ni mawili tu, hayajawahi kupata nafasi ya namna hiyo. Kisha, akiwa anatazama viatu vyake, akasema kwamba kama Sephora hajisikii, Jessy wa lile kundi jingine ameshajifunza nyimbo zao.

Sephora alikuwa anafua. Alisikia kila neno, na kila neno likaenda kukaa mahali pake kama sahani kabatini. Tangu mama yake azikwe, mambo yote yalimjia hivyo. Watu walimlilia begani, naye alihesabu vifungo vya nguo zao. Pasta aliomba kwa sauti kubwa, naye akaona kwamba dari ya sebule imepasuka kuelekea dirishani. Hakulia siku ya kifo wala makaburini, na shangazi zake waliliona hilo wakalinyamazia, jambo ambalo kwa shangazi zake halikuwa dogo.

Alikamua shuka, akamwambia Yannick kwamba atakuja mazoezini Alhamisi, na hapo watajua.

Kundi lao liliitwa Terril, yaani kile kilima cha masalio ya madini ambacho kila mtoto wa Shituru amewahi kukipanda na kupigwa kwa sababu hiyo. Yannick alipiga gitaa, Pitshou besi, Kazadi ngoma. Sephora ndiye aliyekuwa sauti. Hakuimba kama wanavyoimba kanisani, ingawa kanisani ndiko wote wanne walikojifunzia muziki. Alipiga ukelele. Alikuwa amejifundisha mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu, akirudia jambo moja wiki nzima kabla ya kwenda kwenye jingine: hewa ikae tumboni, koo lilegee, sauti ipande mpaka juu kabisa, pale juu ivunjike vipande viwili, kisha ishuke na kuishia chini kwa mngurumo. Akifanya vizuri, koo halikumuuma hata kidogo.

Walifanyia mazoezi kwenye gereji ya nyumbani kwao, kwa sababu baba yake Sephora ni dereva wa lori na gereji hukaa tupu mwezi mzima. Nyumba zile ni za zamani, za kampuni, zimebanana, na kuta zake ni nene, ila mlango wa gereji ni bati tu.

Siku ya kwanza walipofanya mazoezi pale, zamani kabla ya msiba, Sephora alitoa ukelele wake wa kwanza, na kabla Kazadi hajamaliza kupiga mzunguko mmoja wa ngoma, ua ulikuwa umejaa wanawake. Mtaani kwao, sauti ya mwanamke ikipanda hivyo, mtu haulizi. Anaacha sufuria motoni, anajifunga kitenge kiunoni, anakwenda. Maswali ni ya baadaye. Wanaume nao hufuata na mabenchi na kuni, maana kilio ni cha wote, na anayechelewa hukumbukwa. Mbele ya wale wanawake alikuwa Mama Suzanne, jirani wa ukuta mmoja, mikono kichwani, machozi tayari yanamtiririka, miguu mitupu. Akamkuta mama yake Sephora ameketi kivulini anachambua majani ya sombe, mzima kabisa, akimtazama kwa mshangao. Mama Suzanne akamwangukia shingoni, akalia zaidi.

Kazadi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda chake. Akachungulia mlangoni na kusema:

"Mungoje kwanza tufe, Mama Suzanne, njo mulie."

Maneno hayo yakatembea. Sokoni wakaanza kumwita Suzanne wa Kilio cha Bure. Wengine walimpigia kelele ndogo za maigizo akipita na beseni lake, na yeye akajitahidi kucheka pamoja nao. Mama yake Sephora, ambaye hakupenda mtu aaibishwe, alikwenda kwa mkubwa wa avenue, kiongozi wa mtaa, wakaelewana. Ujumbe ukapita nyumba kwa nyumba: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, baada ya saa nane, sauti inayotoka nyumba ile ni muziki wa watoto, mtu asihangaike. Watu wakafurahi kwa utaratibu huo. Muda si mrefu hata mbwa hawakuinua masikio.

Mama yake Sephora alianguka siku ya Alhamisi, baada ya saa nane. Vijana walikuwa hawajafika. Alikuwa jikoni, mwiko mkononi, akikoroga bukari, ugali wao wa mahindi. Akasema kichwa kinamgonga, akakaa chini, kisha akalala ubavu. Sephora alipiga magoti, akamwita, akamwinua kichwa, kisha akapiga ukelele. Alipiga tena. Alipiga mpaka akachoka, na katikati ya kila ukelele na mwingine alisikia, kupitia dirisha la jikoni, redio ya Mama Suzanne ikiendelea na mtu akipepeta mchele.

Hakuna jirani aliyekuja. Waliokuja ni Kazadi na wenzake, na Kazadi aliingia akiwa anatabasamu, maana alifikiri Sephora ameanza bila wao. Yeye ndiye aliyekimbia kutafuta gari. Hospitali walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Sephora aliuliza kama kufika mapema kungesaidia. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alimjibu kwamba hajui, na pengine hilo lilikuwa jibu la kweli.

Wakati wa kilio, Mama Suzanne alifanya kazi kuliko ndugu. Aliteka maji, alipika, aliosha masufuria makubwa, alilala chini na wengine. Hakusema neno, na Sephora hakumsemesha. Baada ya watu kutawanyika aliendelea kuleta chakula jioni, akagonga, akaweka sahani juu ya meza na kuondoka. Sephora alikula. Chakula kilikuwa kizuri, na alijua kwamba ni kizuri.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkaa moyoni, nalo halikuwa la uchungu. Lilikaa kama swali la hesabu. Alitaka kujua kama sauti yake ya siku ile ilikuwa tofauti na sauti ya muziki. Kama ilikuwa tofauti, basi mtu mwenye masikio, jirani wa ukuta mmoja, angepaswa kuitambua; na ikiwa alikaa akipepeta mchele wake, Sephora angejua la kufanya naye: angemrudishia sahani zake mlangoni na kufunga. Kama haikuwa tofauti, ingekuwa jambo jingine. Lakini hakuweza kukumbuka. Alikumbuka sakafu, mwiko, redio. Sauti yenyewe hakuikumbuka, maana mtu anayepiga ukelele ndiye anayeusikia vibaya kuliko wote.

Alhamisi aliingia gerejini, akashika kipaza sauti, akaimba maneno yote kwa sauti ya kawaida, na kila walipofika mahali pa ukelele alifumba mdomo na kuacha gitaa lipite peke yake. Hakuweza kuitoa sauti ile katika ua ule. Pitshou aliinamia nyaya zake. Kazadi, ambaye tangu msiba alikuwa amepungua maneno, aliuliza taratibu kama Jumamosi itakuwa hivyo hivyo.

"Kule kuko retour?" Sephora aliuliza.

Yannick alisema ziko. Wale wa Lubumbashi wanaleta spika za kila namna, hata zile zinazowekwa sakafuni kumwelekea mwimbaji ajisikie. Wao Terril hawajawahi kuwa nazo; gerejini, ngoma ya Kazadi ilimeza kila kitu.

"Basi Jessy apumzike," alisema Sephora. "Nitaimba."

Vijana walifurahi, wakamsifu kwamba ni mwanamke wa nguvu. Hakuwasahihisha. Hakuwaambia kwamba anakwenda kusikiliza.

Jumamosi mchana umeme ulikuwepo, na watu waliokuwa wanazunguka na genereta ya akiba wakaiacha nyuma ya ukumbi, wakaifunika turubai. Vijana walikuja kutoka pande zote za Likasi, wengine wamepanda pikipiki watatu watatu kutoka Kambove, wamevaa fulana nyeusi, na mmoja wao alikuwa bado na kofia ya machimbo kichwani. Mama wawili watatu walikuja pia kuona watoto wao wanafanya nini, wakakaa nyuma kabisa na mikoba mapajani. Kundi la pili la Likasi lilitangulia. Jessy aliimba vizuri, akashuka jukwaani akitokwa jasho, akamkumbatia Sephora. Sephora alisikia joto la mgongo wake na nguo iliyolowa.

Kisha wakapanda wao. Fundi mmoja wa Lubumbashi alimgeuzia spika ya sakafuni, akamwambia aongee. Akasema, moja, mbili. Sauti yake ikamrudia kutoka chini, karibu sana, kama ya mtu mwingine aliyechuchumaa miguuni pake. Fundi akauliza aongeze nini. Sephora akasema aongeze sauti tu, ngoma atoe, gitaa atoe.

"Utapotea," alisema fundi. "Utaimbaje bila kusikia wenzako?"

"Nawajua," alisema Sephora.

Kazadi alihesabu kwa vijiti, wimbo ukaanza. Ukumbi ukaanza kuruka. Alimwona yule wa kofia ya machimbo akibebwa juu ya mikono ya watu, akasogezwa kuelekea mbele, akarudishwa nyuma. Ubeti wa kwanza ukapita. Alipanga hewa tumboni, akalegeza koo, akafungua mdomo.

Ukelele ulipanda mpaka juu kabisa, ukavunjika vipande viwili, ukashuka na kuishia chini kwa mngurumo. Aliusikiliza wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ulipofika pale panapovunjika aliiona sakafu ya jikoni. Sasa aliikumbuka. Siku ile nayo ilipanda hivi, ikavunjika hapa hapa, ikaisha kwa mngurumo huu huu. Hata siku ile koo halikumuuma. Mwili wake, uliofundishwa wiki kwa wiki, haukuwa na sauti nyingine ya kutoa. Mama yake alipokuwa anakufa, yeye alipiga ukelele vizuri.

Alirudia kwenye ubeti wa pili ili kuhakikisha. Aliusikiliza tena katika wimbo wa tatu, na wa mwisho. Vijana walipiga makofi mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye mbao za dari. Yannick alimshika mkono akauinua juu. Sephora aliuacha mkono uinuliwe, na ulipoachiliwa ukashuka.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Hakuingia kwao. Alisukuma geti la jirani na kumkuta Mama Suzanne ameketi kwenye kigoda, anakatakata vitunguu ndani ya beseni. Mama Suzanne alipomwona alitaka kusimama, Sephora akamwashiria akae. Yeye mwenyewe akachutama mbele yake.

"Mama Suzanne, leo nimesikia sauti yangu. Kulikuwa spika ya kunirudishia. Ile ya muziki na ile ya ile siku iko moja tu. Hata muntu gani hangeweza kujua."

Mama Suzanne aliendelea kukata. Kisu kilienda polepole zaidi.

"Unaniambia vile juu nipate kulala?"

"Ninakuambia juu iko kweli."

"Hakuna fasi hata kidogo inatofautiana?"

"Hakuna. Nimesikiliza muzuri."

Mama Suzanne aliweka kisu chini. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini yalikuwa ya vitunguu tangu mwanzo, na Sephora hakuweza kujua kama mengine yameongezeka. Alijifuta kwa mgongo wa mkono.

"Basi kama iko moja," alisema, "minye nitakuwa ninakuja kila mara."

"Mama, ni muziki. Mara tatu kwa juma."

"Nitakuja mara tatu."

"Bantu watakucheka tena."

"Weye ndiye utacheka?"

"Hapana."

"Kazadi?"

"Sidhani."

"Basi."

"Utachoka, mama."

"Nitachoka," alikubali Mama Suzanne, akachukua kisu, akaendelea na vitunguu. Sephora alibaki pale amechutama mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akavuta beseni upande wake na kuanza kumenya vilivyobaki.

Jumanne walifanya mazoezi gerejini kama zamani, mlango wa bati umefungwa. Kwenye wimbo wa kwanza, Sephora alipofika mahali pa ukelele, alisita kidogo tu, kisha akautoa. Mlango ukafunguliwa. Mama Suzanne alikuwa amesimama pale, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu mitupu, unga wa mahindi mpaka kwenye viwiko, anahema. Alimtazama Sephora. Akamtazama Yannick, akamtazama Pitshou, akamtazama Kazadi aliyeshusha vijiti na kuinamisha kichwa kama mtu anavyoinamisha mkubwa anapopita.

Aliwaona wote ni wazima. Akafunga mlango, wakasikia nyayo zake zikirudi kwake bila haraka.

"Tuendelee?" aliuliza Yannick.

Sephora alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Hakuhisi kitu alichoweza kukitaja. Akamwambia Kazadi ahesabu upya kuanzia ubeti wa pili, maana huko nako kuna ukelele.