Mkasi wa Marehemu

Kiherehere alikuwa mbwa wa jina lake. Ukimwambia "kaa" anakaa, lakini akipita kuku, nzi au hata karatasi, umeongea na ukuta. Bwana wake, fundi bomba, alimpa maini, akampa mifupa, akambembeleza mpaka sauti ikamkauka. Wapi!

"Baba, tafuta anachokipenda kuliko vyote," bintiye alimwambia kwenye simu. "Akitii, mpe papo hapo. Ukimdanganya, umekwisha."

Fundi alikijua. Marehemu mkewe, aliyekuwa mshonaji, akitaka kumwita mbwa huyu aliuchezesha mkasi hewani, kacha, kacha, naye alikuja mbio kujilaza miguuni pake, chini ya cherehani.

Jumatatu fundi akautoa mkasi kwenye droo. Kacha, kacha. Kiherehere akawaacha kuku uwanjani, akaja kama mshale. Fundi akamnyooshea ini. Mbwa akampita kana kwamba amepita kisiki, akaingia ndani, akaketi mbele ya kiti kitupu cha cherehani, mkia ukifagia sakafu.

Atazoea tu, fundi akajiambia. Jumanne akamwita tena kwa mkasi. Mbwa akaja mbio, akakinusa kiti, akatoka. Jumatano alikuja akijikokota.

Alhamisi mkasi ulilia, wala Kiherehere hakuinua kichwa. Alilala kivulini macho wazi, kuku wakimpita puani.

"Nisamehe, mwanangu," fundi alimwambia.

Siku nne zote alikuwa amemfundisha somo moja tu, na hilo mbwa alikuwa amelishika barabara: mama harudi.