Kilio Kilichosubiri Simu

Tangu asubuhi Laurent alikuwa akikariri jibu lake, kama mtoto wa katekisimu kabla ya komunyo ya kwanza. Beni ni mbali. Kutoka huko, magaidi wanakochinja watu, mpaka kwetu Lubumbashi ni zaidi ya kilomita elfu moja. Sisi huku hayatugusi.

Hayo ndiyo angemwambia Duarte saa tisa mchana. Duarte, Mreno aliyekula bukari, ugali wa huku, mezani kwao mara mbili na kuomba nyongeza, alikuwa ameshapakia mashine ya kuchonga vyuma kwenye kontena. Ikifika mtaani Katuba, karakana ya Laurent itatengeneza vipuri vya pampu za migodi ya Kipushi, na Gaëlle, binti yake wa pekee aliyesomea mashine hiyohiyo, hatakwenda tena kutafuta kazi Zambia. Lakini habari za mauaji zilifika Lisbon kabla kontena halijaondoka. Watu wa bima, ambao kwao Kongo yote ni kijiji kimoja, wakasita. Walitaka neno la mtu aliyeko huko.

Shida ni kwamba mauaji yale yalikuwa yamefika pia kwenye lupango lao, ua mmoja wenye milango ya wapangaji. Mama Abigaïl, mpangaji wa mlango wa pili na muuza samaki wa Pweto, alizaliwa Beni. Jana alipigiwa simu: mdogo wake wa kiume ameuawa shambani. Tangu hapo ua wao umejaa viti na wanawake wanaolia.

Saa tisa simu ikaita. Gaëlle akaishika mbele ya baba yake. Uso wa Duarte ukatokea, na papo hapo kilio cha uani kikakatika.

Laurent akachungulia dirishani. Mama Abigaïl alikuwa amesimama katikati ya wenzake, kitenge mdomoni.

“Ba mama, munyamaze kwanza,” aliwaambia kwa sauti ya chini. “Papa Gaëlle anasemeya na muzungu wake. Asisikiye kilio. Gaëlle asiende Zambia.”

Wakati ule Laurent alimpenda mwanamke yule kama dada wa tumbo moja, na akajionea haya.

“Laurent,” Duarte akasema kwa Kifaransa, “watu wa bima wanauliza jambo moja tu. Mambo ya Beni yanawagusa huko?”

Jibu lilikuwa tayari ulimini.

“Hapa hatujasikia risasi,” akasema. “Karakana iko wazi, njoo uone mwenyewe. Lakini ukiniuliza kama yanatugusa, jirani yangu amefiwa na mdogo wake. Tuko kilioni.”

Duarte akavua miwani. Alitoa pole, pole ya kweli. Kisha akasema ataliandika neno hilo kama lilivyo, ila hataki kumdanganya rafiki: watu wa bima wakilisoma, kontena halitaondoka.

Gaëlle akakata simu. Hakulaumu. Alimgusa baba yake begani, akabeba kiti, naye Laurent akabeba kingine, wakatoka uani.

“Anasema nini?” Mama Abigaïl akauliza, kitenge bado kiko mdomoni.

Laurent akaweka kiti chake kando ya cha mama yule, akaketi.

“Tumemaliza, mama,” akasema. “Ulie sasa.”