Nyeupe na Hewa

Watu walimwita Rula, kwa kuwa miaka yote ya kuandika mabango ya maduka mkono wake haukuwahi kupindisha mstari. Leo Rula alikuwa mbele ya kompyuta ya mjukuu wake, jasho linamtoka kama mbeba magunia, na haelewi lolote.

"Chagua brashi, mume wangu," mjukuu akamtania kama kawaida yao.

"Brashi ziko wapi? Naona nukta tu."

"Hizo nukta ndizo brashi."

Rula akagusa moja kwa kalamu ya kompyuta. Kalamu ilitembea juu ya kibao cha kuchorea mezani, rangi ikatokea kule kwenye skrini. Rula akajikuta anakagua vidole kama vimelowa.

Kesho yake mjukuu alikuwa anafungua duka la kushona, na aproni za bluu zilishafika kwa mchapaji. Zilingoja mchoro tu: cherehani yenye uzi mweupe unaoning'inia. Mchapaji alikuwa na michoro tele ya cherehani, lakini binti aling'ang'ania ya babu yake. Rula aliapa moyoni kwamba hatamwangusha.

"Nyuma usiguse," mjukuu alisema mchoro ulipokamilika, akienda kupiga pasi. "Ni tupu."

Tupu? Rula aliinamia skrini. Nyuma ya cherehani kulikuwa na vigae vyeupe na vya kijivu, vimepangwa vizuri kama sakafu ya hospitali. Binti amesahau kuvifuta, huyu. Na fundi gani anaandika bango bila kupaka ubao? Akachukua nukta kubwa kuliko zote, akavipaka vigae vyote rangi nyeupe. Uzi ulipopotea humo, akauzungushia mstari mweusi, akaridhika.

Jioni walipokuwa kwake, mchapaji alitoa aproni ya kwanza. Katikati ya bluu palikaa pande jeupe la mraba, na cherehani ndani yake.

"Mzee, umechora bandeji?" mchapaji alicheka. "Tuweke yangu, yaishe."

Mjukuu hakucheka. "Babu, vile havikuwa vigae. Ndivyo kompyuta inavyosema hapa hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, kwa nini inaonyesha vitu?"

Binti akasema, "Kwa kweli sijui."

Rula akavuta kiti cha mchapaji bila kukaribishwa, akashika kipanya cha kompyuta yake, akaanza kufuta.

"Hii?"

"Hewa. Futa."

"Na nyeupe hii?"

"Huo ni uzi, babu! Uache!"

"Nyeupe ni ile ile."

"Siyo ile ile. Hii ni rangi."

Aliendelea hivyo, akiuliza kila kona, kichwa kinamzunguka. Hata mchapaji aliacha kucheka, akawa anaelekeza kwa kidole.

Aproni ya pili ikatoka, cherehani imekaa juu ya bluu kama imeshonewa pale. Mjukuu aliivaa papo hapo.

"Hapa pamebaki doa," mchapaji akasema, akionyesha alama ndogo nyeupe karibu na sindano.

Rula alikodoa macho. Rangi au hewa? Hakuwa na hakika.

"Hiyo ni taa ya cherehani," mjukuu akasema, uso mkavu.

"Eh, taa," Rula akadakia. "Chapa zilizobaki."