Kadi ya Kumuaga Glenys

Glenys Hartnoll alifundisha Kiingereza katika shule ya wageni mjini Eastbourne, na somo alilolipenda kuliko yote ni lile walimu wenzake walilolikimbia kama ukoma: namna ya kusema jambo litakalokuwa limeendelea kwa muda hadi siku fulani ijayo. Mfano aliutoa maishani mwake. Asubuhi ile akaandika ubaoni: Ifikapo Julai, nitakuwa nimekuwa nikifundisha hapa kwa miaka thelathini.

"Thelathini!" akamaka İlkay, Mturuki wa kiti cha mbele. "Mwalimu, huchoki?"

"Nitachoka nikifa. Haya, tunga yako."

Hakuwa akitania. Mume alishaondoka zamani, watoto hakujaliwa. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani kila siku.

Saa ya chai akakuta bahasha ya kaki kwenye kisanduku chake cha barua. Nani asiyeijua? Mtu akiondoka, kadi yake huzungushwa kimyakimya. Unatia sahihi, unaweka tiki kwenye jina lako katika orodha iliyobandikwa juu ya bahasha, unampitishia mwenzako, na anayeagwa hatakiwi hata kuinusa. Safari hii aliyenakili orodha ya wafanyakazi alisahau kufuta jina moja. Glenys akashika kalamu, akafungua.

"Glenys mpendwa, furahia mapumziko!" "Tutazikumbuka keki zako!" Sahihi ishirini na mbili. Ishirini na mbili! Watu hao hao asubuhi walimsalimia, wakailaani mvua pamoja naye, wakamtilia maziwa kwenye chai, na hakuna aliyefumbua kinywa. Wanafiki wakubwa!

Akamfuata Duncan, mkuu wa shule, ofisini kwake, bahasha mkononi.

"Lo! Umeiona?" Duncan akaiva uso. "Samahani sana, Glenys. Nilipanga nikwambie Ijumaa, kwa utulivu. Wanafunzi wamepungua mno. Mwisho wako ni Pasaka."

"Hata Julai mmeshindwa kuningoja? Miezi mitatu tu, Duncan!"

"Tumekununulia zawadi nzuri sana."

Alitaka kumrushia kadi ile usoni. Badala yake akasikia mdomo wake ukiuliza, "Mbona sahihi yako haimo?"

"Ee, kweli." Duncan akaichukua, akaandika mstari mmoja, akaweka tiki yake, akairudisha ndani ya bahasha. "Amebaki Fenella tu. Utampitishia, tafadhali?"

"Bila shaka," akasema Glenys, akampelekea.