Mstari wa Chumbani kwa Mama

Fundi aliitoa mashine ile kwenye rundo la vyuma chakavu, nembo yake imekwanguliwa kwa kisu. Akaitua juu ya meza ya kulia chakula na kuanza kufungua skrubu, ajue ni kompyuta ya aina gani. Mkewe alisimama pembeni na kikombe cha chai.

"Dude zito namna hii! Si bora ungeleta jokofu?"

"Subiri kwanza." Alipuliza vumbi. Ubao wa ndani ulikuwa mpana kama sinia. "Hii si ya kuandikia barua. Ni ya wachora ramani. Zamani ofisi nzima ilikuwa na moja tu."

Kioo kikawaka. Waya wa umeme ulikuwa bado umeviringishwa sakafuni, lakini fundi alishaona mashine korofi nyingi, akainamia kioo. Kiooni ukatokea mtaa wao: kisima, duka la mshonaji, nyumba yao. Mstari mweupe ulikuwa unatambaa kutoka kisimani. Ulipopita dukani, wakachungulia dirishani. Duka halikuwepo. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake katikati ya barabara, akimalizia pindo la sketi.

Hapo fundi akaogopa, tena sana. Bisibisi ikamdondoka. Mstari ulikuwa unaelekea chumbani kwa mama mkwe wake, ambako yeye hajawahi kukanyaga, kwa heshima.

"Izime!" mkewe alipiga kelele.

"Naizimia wapi?" Alichomoa kila kinachochomoka. Mstari haukujali.

Mkewe akakimbilia chumbani. "Mama, toka! Toka haraka!"

"Nitoke niende wapi, mwanangu?" mama alijibu kutoka kitandani. "Hapa ndipo nilipokuzaa."

Ukuta ukaondoka bila kishindo. Gari la kwanza likapita miguuni pa kitanda, likapiga honi.

Kesho yake fundi aliibeba mashine hadi ofisi ya ramani. Karani aliitambua mara moja.

"Aa, hii! Tuliitupa zamani. Ilikuwa haisikii la mtu."

"Imechukua chumba cha mama mkwe wangu."

"Chumba gani?" Karani alitazama ramani ukutani. "Hapo ni barabara, ndugu yangu. Tena mwambieni mama asilale barabarani, ni hatari."

Siku hizi fundi hupita chumbani kwa mama mkwe kila asubuhi akienda kazini, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita tu, kila mtu anapita."

Madereva wengi hupunguza mwendo. Lori likisikika kwa mbali, mama hujifunika shuka gubigubi, na binti yake huja kumshika miguu mpaka lipite.