Mfalme Hajaridhika

Baba yangu, Mzee Adelard wa Nyaishozi, hana simu janja. Ana kitochi, na kwenye hicho kitochi anachokitumia zaidi ni tochi. Nalitaja hili mapema ili mjue kwamba nilipoanza kumtangaza kwa watu elfu arobaini bila ruhusa yake, nilikuwa nimefikiri vizuri kabisa. Mtu asiye na intaneti utamkosea vipi kwenye intaneti? Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu, na shule nilimaliza.

Baba ni msemaji wa posa. Kuanzia hapa kwetu hadi Igurwa, familia yenye binti wa kuolewa humwita akae mbele awapokee wageni wa upande wa kijana, maana hakuna anayejua kuwasumbua wageni kama yeye. Wakisalimia wakiwa wamesimama, faini. Mmoja akisahau kofia kichwani, faini. Wakileta mbuzi anayekohoa, faini mbili, moja ya mbuzi na moja ya kikohozi. Faini zote ni rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi yenyewe hunywewa siku hiyohiyo na waliotozwa wakiwemo, kwa hiyo malalamiko huwa si mengi. Mgeni akimaliza hotuba aliyoikariri wiki nzima, baba humtazama kwa huruma na kusema, "Bado sijasikia."

Halafu kuna kahawa. Kwetu mgeni huletewa akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kibakuli, na mwenyeji hutafuna pamoja naye. Baba huchukua punje moja, huiweka shavuni, na haitafuni. Inakaa humo saa nzima, saa mbili, na shavu limetuna kama la mtu mwenye jino bovu. Akiridhika utasikia "ka!", na hapo posa imepita. Akiitema, wageni wanamchukua mbuzi wao pamoja na kikohozi chake wanarudi kwao. Ametema mara mbili tu maishani mwake, na mara zote mbili hakuna aliyethubutu kurudi kuuliza.

Mtu wa namna hii ukiishi naye nyumba moja miaka ishirini na sita, utafanya nini? Mimi niliiga sauti yake.

Clavery, niliyesoma naye msingi, alikuwa na kibanda cha gemu pale senta, hadi vijana waliponunua simu na kumwachia viti. Alibaki na mashine moja na gemu moja kuukuu la mashujaa wa kofia za chuma. Shujaa anapanda farasi, anaingia ikulu, anapiga goti mbele ya mfalme mwenye ndevu nyingi. Mfalme ana vidole vilivyoshikana kama mwiko, na mdomo wake umefunikwa na ndevu, kwa hiyo unaweza kumwekea maneno yoyote na asilalamike. Clavery alirekodi picha, akazikata na kuziunga anavyojua mwenyewe. Mimi niliingia kwenye stoo ya baba, katikati ya magunia ya kahawa ambako mwangwi hauingii, nikaweka sauti. Tukauita mchezo wetu *Mfalme Hajaridhika*.

Hadithi ilikuwa rahisi. Shujaa amekuja kumposa binti wa mfalme, na mfalme hajaridhika. Kwa kuwa gemu lenyewe ni la zamani, farasi wa shujaa alikuwa na tabia ya kuzama ukutani akabaki mkia nje. Mfalme akasema, kwa sauti ya Mzee Adelard, "Usafiri wenu umeingia ukutani kwangu bila hodi. Faini." Kipindi hicho kilizunguka Karagwe na Kyerwa yote kwa wiki moja. Walimu walikicheka, mapadri walikicheka, mtu mmoja alinitumia video ya mama yake akikicheka hospitalini. Tulifika vipindi thelathini na kimoja. Mfalme alitoza faini kwa upanga, kwa viatu, kwa kivuli cha shujaa kilichofika kabla ya shujaa. Kila nilipoishiwa, nilisubiri baba aalikwe kwenye posa nyingine, nikaenda kumenya ndizi jikoni huku masikio yakiwa sebuleni.

Habumugisha alikuwa mtazamaji wa kwanza kugundua kwamba mfalme ni mwanamke. Yeye ni kijana wa Mabira, wa familia ya wafugaji, na kazi yake ni kudunga ng'ombe sindano. Aliniandikia kwamba mfalme akikasirika anavuta pumzi kama mtu aliyezoea kuimba sauti ya kwanza kanisani. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza kanisani. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa nampenda kiasi cha kumwambia mambo ambayo hata Clavery hakuyajua, na ndugu zake wakaleta habari kwamba wanakuja.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi, imechelewa lakini imefika. Msemaji wa upande wetu angekuwa baba mwenyewe, nani mwingine? Nami nilimtaka Habumugisha, tena nilimtaka kwa kahawa iliyotafunwa. Kutoroka ningeweza, watu hutoroka, barabara ipo. Lakini mama yangu alishafariki. Nimebaki na mzazi mmoja, na sikutaka kuondoka kwake kama mwizi wa kuku.

Siku ikafika. Wageni walikuwa saba. Mimi nilikuwa chumbani na Shangazi Restuta, dada yake baba, nyuma ya pazia, maana siku hiyo binti haonekani wala haongei, na kijana anayeoa naye hukaa kimya kama gunia mpaka mwisho.

Wageni walivua kofia wakiwa bado barabarani, wote saba. Waliingia wakachuchumaa kabla ya kusalimia. Mbuzi wao alikuwa mnene na alikuwa na cheti cha chanjo. Msemaji wao alikuwa Jasson, baba mdogo wa Habumugisha, mtu mpole mwenye koti kubwa. Alisogeza mbele dumu la rubisi na kusema kwa adabu kwamba hilo ni la makosa watakayoyafanya baadaye, wameona bora walilete mapema.

Shangazi alininong'oneza kwamba watu wa Mabira wamelelewa. Mimi nilijua walikolitoa. Dumu la mapema lilikuwa kipindi cha kumi na nne.

Baba aliuliza swali lake la miaka yote, kwamba wamekuja kutafuta nini wakati hapa hakijapotea kitu cha mtu. Jasson akajibu kwamba jua nalo halijapotea, lakini kila asubuhi watu hulitafuta. Hilo ni jibu la shujaa, kipindi cha ishirini na mbili, neno kwa neno, na nililitunga mimi juu ya gunia la kahawa. Nilimwona baba kwa upenyo wa pazia akiihamisha punje kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Sijawahi kumwona akihama shavu.

Akatega mtego wa pili, wakauruka. Wa tatu, wakauruka wakiwa wamekaa. Mwishowe akaegemea kiti na kusema, "Bado sijasikia."

Wageni wote saba wakacheka. Wakacheka na majirani zetu. Mmoja wa ndugu za Habumugisha akarudia maneno yale kwa sauti ya mfalme, na cheko likawa kubwa zaidi. Baba hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikamwona yuko peke yake pale mbele. Nikajionea aibu.

Jasson, kwa roho yake safi, alidhani jambo hilo linajulikana. "Mzee waitu," akasema, "sisi tunakufahamu. Tulikaa Mabira tukakuangalia vipindi vyote thelathini na kimoja, tusije tukakukosea. Binti yako amefanya kazi nzuri."

Kumbe walikuwa wamejisomea. Habumugisha alikuwa amewaambia kwa fahari kwamba mchezo ule ni wangu, nao wakauchukua kama mtihani wa taifa wenye majibu. Hawakuwa wanamdhihaki hata kidogo. Walikuwa na heshima kuliko wageni wote aliowahi kuwapokea, na ndiyo maana walimvua nguo.

Baba akaomba aonyeshwe. Wakampa simu. Aliishika mbali na uso, kama mtu anayesoma kipimo cha dawa, akaangalia kipindi kizima. Mimi kule nyuma ya pazia nikasikia sauti yake ikitoka kwenye simu ikitoza faini kwa farasi. Kipindi kilipoisha aliirudisha simu. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akaitoa ile punje, akaiweka kiganjani.

Hakuwa ameitema, ameitoa. Maana ya kuitoa hakuna aliyeijua, kwa sababu hajawahi kufanya hivyo. Shangazi Restuta alinishika mkono. Kisha baba akaniita.

Binti hatoki siku hiyo. Nilitoka. Nilipiga goti, nikasema shikamoo Taata, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mfalme wako anabishana vipindi thelathini na kimoja," akasema. "Binti yake yuko wapi?"

Nikamweleza ukweli, kwamba kwenye gemu hakuna binti. Kuna mfalme, mashujaa na farasi. Waliolitengeneza hawakumweka.

"Basi mtu akiangalia atadhani ninabishania ng'ombe."

Miaka miwili nimewachekesha watu kwa mzee anayezuia mlango, na sikuwahi kuonyesha ni nani aliye ndani. Nililia pale pale kwenye mkeka, mbele ya watu saba wa Mabira na mbuzi wao mwenye cheti.

Baba akawageukia wageni. Aliwaambia kwamba ya mfalme wameyasoma vizuri, amewapa maksi zote. Sasa mtu mmoja amwambie jambo moja kuhusu huyu binti, jambo ambalo halimo kwenye simu.

Jasson alikohoa, akasema binti ana heshima. Baba akasema bado hajasikia. Mwingine akasema ni mchapakazi. Bado hajasikia. Safari hii hakuna aliyecheka. Watu wazima sita walikuwa wanatazama mkeka kama wanafunzi waliokuta swali la mada ambayo haikufundishwa.

Ndipo gunia likaongea. Habumugisha alinyanyua kichwa, na nikaona ndugu zake wote pale sebuleni wakiziba midomo.

"Akiogopa, anaongea kwa sauti yako," akamwambia baba. "Siku aliyonisimulia mama yake alivyofariki, alisimulia yote kwa sauti yako, tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sauti yake mwenyewe hawezi kufika mwisho."

Ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Siku ya mazishi kila mtu alishindwa kusema, mimi wa kwanza, na baba ndiye aliyesimama akaongea hadi mwisho bila kukatika. Tangu siku hiyo, jambo likinizidi huiazima ile sauti. Sikuwahi kumwambia. Ningemwambia vipi, kwa sauti ya nani?

Baba aliitazama punje kiganjani muda mrefu. Kisha akairudisha mdomoni. Hakuiweka shavuni.

Ka!

"Nimesikia," akasema.

Vigelegele vya Shangazi Restuta vilitoka nyuma ya pazia kabla hajatoka yeye. Baba alinyoosha mkono kuwanyamazisha watu, akapangusa macho kwa mgongo wa kiganja bila kumficha mtu, halafu akamgeukia Habumugisha. Kijana amefungua mdomo siku ambayo haruhusiwi, madumu mawili. Jasson akachomoa simu kwenye koti lake kubwa, akaanza kutafuta kipindi chenye faini hiyo ili ajue wanajibuje. Alitafuta sana, maskini, na hakikuwemo.